Mvua Juu ya Chumba Namba Mbili

Jumatatu, 11 Machi

Leo dokta ameniambia mbele za watu kwamba daftari la zamu si mahali pa maoni yangu. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: chumba namba mbili hakina dari, mvua ikinyesha panya hawatulii. Akaukata kwa kalamu nyekundu, kama vile nimeandika insha ya darasa la nne, akasema, "Mama, hapa andika maji, chakula na idadi. Basi."

Sawa. Jioni nimepita dukani nikanunua kaunta buku hili, na maoni yangu yote yatakaa humu.

Kazi yangu ni kutunza panya weupe kwenye maabara ya utafiti hapa Morogoro. Natoa maranda machafu, naweka masafi, najaza chupa za maji, nahesabu wazima na wafu. Mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa. Panya mwenye mimba namjua kabla tumbo halijajitokeza. Dokta Yeremia amefika mwaka juzi tu, akitokea masomoni nje, na utafiti wake wa msimu huu ni wa dawa ya kupunguza woga.

Aliyenielewesha ni Devotha, mwanafunzi wake wa shahada ya pili, mtoto mwenye adabu. Yeye akifika ni shikamoo kwanza. "Mama, ukiogopa, ubongo unatoa homoni," aliniambia. "Ile homoni inakwenda kukaa kwenye vipokezi vyake, ndipo moyo unakwenda mbio. Dawa yetu inawahi kukaa pale kwenye vipokezi. Homoni ikifika inakuta pamejaa." Nikamwambia nimeelewa, ni kama wale wanaowahi kutandaza kitenge kwenye benchi la kanisani ili wewe uliyetembea kutoka Bigwa ukose pa kukaa. Akacheka, akasema ndiyo hivyo hivyo.

Na dawa sina ugomvi nayo. Kinachoniudhi ni vyumba. Panya ishirini na wanne wa dawa wanakaa chumba namba moja. Wengine ishirini na wanne, wanaochomwa maji ya chumvi tu ili walinganishwe na wenzao, wanakaa chumba namba mbili. Dokta amewatenga kwa sababu mwaka jana mwanafunzi mmoja alichanganya vizimba. Lingekuwa wazo zuri kama vyumba vingefanana. Cha kwanza kina dari. Cha pili dari yake ilibomolewa Januari kwa sababu ya popo, na siling bodi mpya zimelala stoo tangu hapo zikimsubiri fundi. Juu ya wale panya kuna bati tupu. Na masika ndiyo hayo yanaanza, mlima hatujauona tangu juzi.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya saa nane mchana. Ilinikuta ndani ya chumba cha pili. Sikusikia hata mlango nilioufunga mwenyewe. Panya wote walikimbilia kona ya nyuma wakapandana, masikio yamelala, wengine wakajiharishia. Ilipokatika nilimtoa mmoja nikamshika kifuani. Moyo wake ulikuwa unatetemeka tu, hauhesabiki. Kwenye kona za macho alikuwa na wekundu. Mgeni atadhani ni damu, kumbe ni machozi, panya aliyeteseka hutoa machozi mekundu. Nikaenda chumba cha kwanza. Wale walikuwa wamelala.

Daftarini nimeandika maji, chakula na idadi.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Nimefua sare, haijakauka.

Alhamisi, 21 Machi

Leo kipimo cha kwanza. Kifaa chenyewe ni mbao mbili zilizopishana, zimeinuliwa hadi kiunoni mwa mtu. Mikono miwili ina kuta, miwili haina, ni wazi pande zote. Kwenye karatasi zao kina jina refu, lakini sisi wa chini tunakiita msalaba, na dokta hapendi. Panya anawekwa katikati dakika tano. Mwoga anajificha kwenye kuta. Asiye na woga anatoka nje, ananusa, anachungulia chini. Kila Alhamisi ya kipimo wanapimwa kumi na wawili, sita wa dawa na sita wa maji, na kila panya anapanda mara moja tu, kwa kuwa akishakizoea kifaa haogopi tena. Baada ya hapo anachomwa sindano ya kulala asiamke, wakamtazame ubongo. Hilo nalijua na nimelikubali siku nyingi. Lakini kama maisha yake yote yametolewa kwa ajili ya dakika tano, basi ziwe dakika tano za haki.

Mvua ilianza saa saba na kukatika saa tisa kasorobo. Saa tisa wakaanza kupima. Wa dawa walitembea nje kama wako kwao. Wa maji waliganda kwenye kuta, mmoja hakusogea kabisa. Dokta alikuwa anapiga kalamu mezani kwa furaha. "Umeona Devotha? Umeona?"

Mimi pia niliona. Wa maji walipanda pale wametoka kupigiwa bati kwa karibu saa mbili.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Kazini hadi saa nne, kisha kanisani. Njia ya msalaba tumeimalizia kwenye matope.

Alhamisi, 4 Aprili

Kipimo cha pili. Mvua tangu asubuhi. Mambo yale yale, wa dawa nje, wa maji ndani ya kuta. Dokta amewaagizia soda wanafunzi wote. Mimi pia nimepewa, sikuinywa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda ofisini kwake. Nilibisha hodi, nikasimama, maana hakuniambia nikae.

"Dokta, nimekuja kwa ajili ya chumba namba mbili. Siling bodi zipo stoo. Amosi anaweza kuzipigilia siku mbili zikaisha." Amosi ndiye fundi wetu wa umeme na maji na kila kinachoharibika.

"Mama, katikati ya jaribio hatugusi chumba. Misumari na kelele itawashtua panya."

"Wameshashtuka. Mvua ndiyo inawashtua."

Akatabasamu kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza zaidi. "Panya wa maabara hawajui mvua, mama. Wamezaliwa ndani, watakufa ndani."

"Masikio si wanayo?"

Akaweka kalamu chini. "Mama, una elimu gani?"

"Darasa la saba," nikasema. "Na miaka kumi na tisa humu ndani."

"Basi sehemu ya sayansi niachie mimi."

Nimetoka nikaenda kuosha chupa. Nimeosha chupa sitini, na katika hizo sitini hakuna hata moja niliyoiosha bila hasira. Mtu mzima anakuuliza elimu yako akijua jibu. Anauliza ili ulitamke mwenyewe.

Jumatano, 10 Aprili

Iddi. Jirani yangu Asha ameniletea pilau. Mvua haikupumzika hata kwa sikukuu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mmoja wa chumba cha pili amejitafuna mguu. Nimempaka dawa. Nimeandika: maji, chakula, ishirini na wanne wa vyumba vyote, kumi na wawili na kumi na wawili.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefanya jambo, na ngoja niliandike lote kama lilivyokuwa, maana naona litaniletea taabu.

Saa sita wingu lilishuka mpaka kwenye migomba ya nyuma ya maabara. Nikajua hii si ya mchezo. Tone la kwanza lilipogonga bati la chumba cha pili, wale panya kumi na wawili walisimama wote kwa miguu ya nyuma, wakanitazama. Mtu atasema panya hatazami mtu. Haya, na aseme. Mimi nilishindwa. Wamekaa vizimba vinne, watatu watatu. Nilivipakia kwenye toroli viwili viwili, nikavipeleka kwenye kijumba changu cha kubadilishia nguo, ambacho kina dari ya mbao tangu enzi za wazee. Nikafunga mlango nikakaa nao kwenye stuli. Mvua ilikuwa inasikika kwa mbali, kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili. Dakika kumi hivi wakaanza kujilamba. Wengine wakalala. Yule mwenye mguu mbaya alikula.

Saa tisa kasoro robo nikavirudisha, kila kizimba mahali pake, na nikakagua alama za wino mikiani, mmoja mmoja, kumi na mbili zote. Sikukosea. Panya hao ningeweza kuwatambua hata bila wino.

Saa tisa wakapimwa. Wa dawa walitoka nje. Na wa maji nao walitoka nje. Yule mwenye mguu mbaya alikwenda hadi ncha ya ubao akachungulia chini kama anayetafuta mtu sokoni. Kwenye karatasi ya Devotha mistari ya makundi mawili ilikuwa sawasawa, huwezi kujua yupi kapata dawa.

Dokta alimnyang'anya ile karatasi. Kisha akasema, "Nani amechanganya sindano?"

"Hakuna, dokta," Devotha akasema.

"Miezi mitano ya kazi yangu, na wewe unaniambia hakuna? Umewachoma wa maji dawa. Kama hujui kusoma kibandiko, shahada ya nini?"

Devotha akaanza kulia palepale mbele ya wenzake. Na mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mlangoni. Nilikuwa najua. Nikanyamaza. Mkataba wangu unaisha Juni, nikaufikiria huo, nikanyamaza.

Nimekuwa nikimkasirikia dokta tangu Machi. Leo najikasirikia mwenyewe.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekwenda asubuhi kabla sijabadilisha nguo. Nimemwambia dokta yote: nimewahamisha mimi, saa sita na nusu hadi saa tisa kasoro robo, nikawarudisha mimi, mikia nimeikagua mimi. Devotha hana kosa. "Na ndiyo maana hawakuogopa," nikasema. "Jana hawakupigiwa bati. Dokta, dawa yako inashindana na mvua, na wewe hujui."

Alinitazama kama aliyetukanwa. Akasema tu, "Asante mama, nenda kazini."

Jumatatu, 22 Aprili

Kumbe ile asante ilikuwa inaandaa karatasi.

Imechapwa vizuri kwa kompyuta. Inasema: "Mimi, Bernadeta Dominiko Kobelo, mzaliwa wa kijiji cha Matombo, mhudumu wa wanyama daraja la chini, nakiri kwamba tarehe 18 Aprili nilichanganya vizimba vya makundi mawili ya panya kwa uzembe." Chini pametengwa mstari wa saini. Amenieleza bila kupepesa macho. Nikisaini, kipimo cha Alhamisi hiyo kinafutwa, utafiti unaendelea, na mkataba wangu Juni utaongezwa kwa kuwa nimekuwa mkweli. Nisiposaini, basi itabidi ionekane aliyekosea ni Devotha.

"Lakini sikuchanganya," nikasema.

"Mama, ni lugha tu ya kiofisi."

Lugha ya kiofisi. Nikiambiwa nimehamisha, nasaini sasa hivi na kidole gumba naongeza. Lakini kuchanganya na uzembe, hapana. Katika miaka kumi na tisa sijapoteza hata kitoto kimoja cha panya bila kukiandika.

Jumanne, 23 Aprili

Amosi amekuja kutengeneza bomba. Yeye ni Msukuma, mtani wangu, kila siku ananiambia sisi Waluguru tunaishi mlimani kwa sababu tunawakopa watu wa chini na kukimbia. Leo nimemwonyesha ile karatasi nikidhani atanitania. Aliisoma mara mbili. "Huu si utani," akasema, akarudi kwenye bomba lake. Baadaye kidogo akaniambia bila kugeuka, "Siling bodi ni kumi na nane. Nimezihesabu. Zipo kavu."

Jumatano, 24 Aprili

Devotha alikuja nyumbani kwangu jioni, amelowa. Nilimpa khanga ajifute na chai ya mdalasini. Nikadhani amekuja kunipa pole.

"Mama, saini tu," akasema.

Nikamwuliza, umesemaje?

"Wewe ni barua tu inaingia kwenye faili. Hawawezi kukufanya kitu. Mimi nikiandikwa nimechanganya dawa, shahada imekwisha. Nyumbani Bukoba wameuza shamba, mama."

Nilimtazama mtoto huyu niliyekuwa nikimwekea ndizi mbivu kwenye mfuko wa koti kila Jumatatu. "Kwa hiyo faili langu si faili," nikamwambia. "Langu ni jalala, mtu yeyote anaweza kutupa humo."

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha. Sema tu. Kunywa chai."

Akanywa, mvua inapiga bati langu. Ikawa kubwa, hatuwezi tena kusemezana. Nikaona anakunja mabega kila inapoongezeka. Nilipomwona hivyo nikamsogelea sikioni, nikamwambia kwa sauti, "Unasikia? Sasa kaa hivi saa mbili, halafu mtu akupandishe juu ya ubao akupime kama una woga."

Aliondoka mvua ilipopungua, khanga ameiacha juu ya kiti imekunjwa vizuri. Hasira niliyonayo kwake ni ya namna nyingine, ina maumivu ndani yake.

Alhamisi, 25 Aprili

Kipimo cha nne kimeahirishwa. Sijasaini.

Ijumaa, 26 Aprili

Muungano. Nimelala mpaka saa mbili, kitu nisichokifanya.

Jumatatu, 29 Aprili

Ipo kamati inayoangalia jinsi wanyama wanavyotunzwa, mwenyekiti wake ni Profesa Theresia, mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Ofisi yake ipo juu, na mimi huko juu huwa napanda kwenda kufagia tu. Leo nimepanda na karatasi isiyosainiwa. Nilipoingia nikamkuta Devotha ameshakaa. Alikuwa na daftari lake mwenyewe, ameandika kila Alhamisi saa ambayo mvua ilianza na saa iliyokatika, tangu Machi. Sikujua. Hakunitazama, lakini alisogeza kiti nikae.

Profesa aliisoma ile karatasi, akaiweka juu ya meza, akaiwekea rula juu kama inayoweza kuruka.

"Ulijuaje kwamba wanaogopa?" akaniuliza.

"Nawashika kila siku, mama. Na wana wekundu machoni."

"Umeliripoti?"

"Niliandika. Lilikatwa."

Akaagiza daftari la zamu liletwe. Akafungua tarehe 11 Machi. Ule mstari mwekundu haukuwa umeficha kitu, maneno yangu yalikuwa yanasomeka yote chini yake.

Alimwita dokta. Sikukaa kusikia. Uamuzi tumeusikia saa tisa: jaribio linarudiwa. Panya wa dawa na wa maji watakaa chumba kimoja. Kwanza namba mbili bila dari, mvua ingali ipo. Kisha dari ipigwe, wapimwe wengine humo humo.

Devotha alinikumbatia kwenye ngazi. Nami nikamkumbatia, lakini moyoni nilikuwa nimechemka upya. Mimi ndiye niliyesema wanateseka, na wakubwa wamejibu kwa kuniongezea ishirini na wanne wa kuteseka ili wahakikishe. Profesa nilimwambia hivyo. Akasema, "Ni kweli Bernadeta. Nisipofanya hivi, mwaka kesho mwingine atafanya kosa hili hili na panya mia mbili." Sijui kama amekosea. Nimekasirika tu.

Alhamisi, 2 Mei

Kipimo cha kwanza cha jaribio jipya. Mvua ya saa saba. Leo dokta mwenyewe aliingia chumba namba mbili, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Nilikuwa natoa maranda. Alisimama katikati na saa yake mkononi. Nilimwona akifungua mdomo kuniambia kitu, akakuta hata yeye hajisikii. Alisimama nusu saa nzima. Kisha akainama kwenye kizimba cha juu, akatazama macho ya yule wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Alipotoka alirudishia mlango taratibu.

Ijumaa, 3 Mei

Dokta Yeremia ameniamkia. "Shikamoo mama." Nimeitikia marahaba, nimeiitikia kwa shida.

Alhamisi, 9 Mei

Kipimo cha pili chini ya bati. Matokeo ni haya, na nitayaandika kwa haki ingawa yanamfaa dokta: wa dawa walitoka nje zaidi ya wa maji. Si sana kama zile Alhamisi mbili za kwanza, ila zaidi. Kwa hiyo dawa ni dawa. Sikuwahi kusema si dawa.

Jumatano, 15 Mei

Amosi na siling bodi kumi na nane. Siku moja na nusu. Miezi minne na nusu tumezisubiri kwa kazi ya siku moja na nusu.

Alhamisi, 23 Mei

Chini ya dari. Manyunyu. Makundi yote mawili yametoka nje sawasawa.

Alhamisi, 30 Mei

Tena sawasawa. Devotha amenieleza akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Dawa inafaa pale tu penye hofu yenyewe. Pasipo hofu, vipokezi vipo vitupu tu, hakuna cha kuzuiwa. "Dokta anasema hii ni nzuri kuliko ile ya kwanza," akasema. Nikamuuliza, kwa hiyo anafurahi? Anafurahi sana, akasema. Macho yake yakasema mengine.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua imekwisha. Baridi. Mlima umeonekana wote mpaka juu, mashamba ya mboga yamepangika kijani.

Alhamisi, 20 Juni

Dokta amewasilisha utafiti wake ukumbini. Wageni kutoka Dar, Dodoma na Mzumbe. Mimi nilipanga viti. Nilibaki nyuma, nikasikiliza. Alisema, "Tuligundua kwamba kelele za mvua katika makazi ya wanyama zinabadilisha matokeo." Tuligundua. Watu wakapiga makofi, mzungu mmoja akasimama kabisa. Profesa Theresia alikuwa safarini.

Jumanne, 25 Juni

Devotha ameniletea nakala ya ripoti. Alinipa kwa mikono miwili kisha akabaki amesimama. "Soma shukrani, mama. Mimi nilimwandikia jina lako. Amelitoa."

Ukurasa wa pili. Wameshukuriwa wafadhili, kwa majina. Ameshukuriwa mtaalamu wa takwimu, kwa jina. Devotha, kwa jina. Mwisho kabisa: "na mhudumu mmoja wa wanyama."

Nimesoma mara nne. Sikulia. Ningekuwa na miaka ishirini ningelia.

Jumatano, 26 Juni

Dokta ameniita. Safari hii ameniambia nikae. Mkataba mpya ulikuwa mezani, mwaka mzima, na kalamu juu yake. "Hongera mama. Saini hapo chini."

Nikatoa mkobani ile karatasi ya Aprili, ninayo bado, Profesa alinirudishia. Nikaiweka upande mmoja wa mkataba. Upande wa pili nikaweka ripoti, nimeifungua ukurasa wa pili.

"Dokta, nisomee hizi mbili. Macho yangu yamechoka."

"Mama, haya yalishapita."

"Nisomee."

Akasoma kimoyomoyo. Nikamwambia haidhuru, nitamsomea mimi. Nikasoma kwa sauti: Bernadeta Dominiko Kobelo, mzaliwa wa kijiji cha Matombo. Kisha nikasoma: mhudumu mmoja wa wanyama. "Mlipotaka mtu wa kubeba uzembe," nikasema, "mlinijua mpaka na baba yangu na kijiji. Leo mnatafuta wa kushukuru, mmenisahau. Nimekosea wapi?"

"Ni utaratibu wa uandishi. Na nakala zimeshachapwa."

"Basi andikeni kwa mkono. Hata kwa kalamu nyekundu."

Akasema nisiwe mtoto. Akasema kuna watu kumi wanaitaka hii kazi. Nikamwambia ni kweli, wapo. Nikasimama. Mkataba nimeuacha mezani haujasainiwa, na kalamu yake juu. Kabla ya kutoka nilizunguka vizimba vyote vya wazazi na vitoto, nikajaza chakula, nikaweka chupa mbili mbili za maji. Daftarini nikaandika idadi.

Sasa nipo nyumbani. Naogopa, nalisema wazi. Nina umri wa miaka hamsini na moja na kazi nyingine sijui.

Alhamisi, 27 Juni

Sijaenda. Saa mbili asubuhi nilikuwa uani napepeta mchele, mikono haijui ifanye nini saa hiyo. Saa tatu simu ikaita. Devotha.

"Mama, shikamoo. Kibarua wa muda aliyeletwa leo asubuhi ameng'atwa vidole viwili, amekimbia. Kuna mama panya amezaa, hakuna anayeweza kumsogelea. Dokta yupo hapa karibu yangu."

"Anasemaje?"

Nilisikia wanasemezana. Kisha Devotha akarudi, kwa sauti ya chini. "Anauliza, Bernadeta anakuja saa ngapi?"

Nikaweka ungo chini.

"Mwambie hilo ni jina moja," nikasema. "Yako matatu. Akishayaandika yote matatu kwenye kila nakala, ndipo aniulize saa."

Nikakata simu. Saa tano na nusu Devotha amenitumia picha bila maneno: mkono wa dokta juu ya ukurasa wa pili, ameshaandika Bernadeta, amefika kwenye D.